Noti Moja ya Kumshinda Vidole

Jumatatu, 3 Machi

Mpiga solo wetu kaacha bendi! Kahamia kwa binti yake, anasema mgongo umechoka kubeba spika. Nimesikitika sana. Nimesikitika kama dakika mbili hivi, halafu nikakumbuka kwamba nafasi yake iko wazi.

Miaka tisa napiga gitaa la kusindikiza. Miaka tisa nimesimama nyuma, kati ya ngoma na ukuta. Kuna watu wamecheza nyimbo zetu tangu wakiwa wachumba mpaka wana watoto watatu, na bado hawajaniona uso.

Kiongozi (mpiga tarumbeta, mwenye bendi, mwenye neno la mwisho) kasema atatupima wawili: mimi na Vidole. Jumamosi tunapiga kwenye hafla ya kumuaga mwalimu mkuu wa shule ya msingi, anastaafu. Vidole atapiga solo wimbo mmoja, mimi wa mwisho. Jumapili mshindi anatangazwa.

Vidole tulimpa jina hilo kwa sababu vidole vyake havionekani vikienda. Ana kasi, nakiri, ila nakiri humu tu. Anapiga noti arobaini wakati mimi bado naitafuta ya kwanza.

Nimewaza kutwa nzima karakanani huku nikifungua feni za wateja. Saa tisa alasiri, paap! Yeye ana wingi. Basi mimi nitakuwa na urefu. Nitapiga noti moja tu, lakini isiyoisha!

Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza. Ninayo pedali ya mwangwi, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu. Sauti ya gitaa inaingia upande mmoja, inatokea upande wa pili ikijirudia mara tatu nne kama mtu anayeita bondeni, kisha inakufa. Leo nimeifungua juu ya meza ya karakana. Sauti inayotoka nimeirudisha kwa waya pale ilipoingia. Ndani kuna kidude kidogo kinachoichosha sauti kila inapozunguka. Nimeking'oa. Sasa inazunguka na haichoki.

Saa nne asubuhi nikapiga noti moja. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye karakana, akaenda kunywa chai. Akarudi. Noti ipo! Mteja mmoja akauliza ni feni gani inayolia hivyo, maana kama ni yake basi haitaki tena.

Shemeji akauliza inazimwaje. Nikamwambia unachomoa waya ukutani. Akasema ametengeneza feni miaka ishirini, zote zina swichi ya kuzimia, na hajapata mteja hata mmoja aliyelalamikia swichi hiyo. Wivu wa mafundi huo, naujua. Hata hivyo nimetafuta swichi moja nzuri, nitaifunga Alhamisi.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Kabla sijaeleza, niandike sheria ya Kiongozi, isije siku moja mtu akasoma humu asielewe. Kwetu wimbo hauishi mpaka noti ya mwisho ya gitaa ife yenyewe. Kiongozi ananyanyua mkono. Sote tunaganda. Noti inafifia, inafifia, inakufa. Mkono unashuka, mpiga ngoma anagonga mara moja, basi. Bendi nyingine zinamaliza ovyo ovyo kama watu waliokimbia mvua, sisi hapana. Kiongozi hajawahi kuivunja sheria hiyo, hata siku ile nyuki walipoingia ukumbini.

Zamu yangu ikafika. Nikakanyaga. Noti ikasimama. Mkono wa Kiongozi ukapanda, macho yakamtoka. Dakika moja nzima! Nilimwona yule mzee akimeza mate kwa raha.

Mara Vidole akapita kwenda kunywa maji. Mguu wake, eti kwa bahati mbaya, ukanasa kwenye waya wangu wa umeme. Kimya. Kiongozi akashusha mkono, akasema nzuri, ila imekatika ghafla.

Vidole akaniomba radhi kwa meno yote thelathini na mawili. Nikamwambia ajali haina kinga, ndugu yangu. Kisha nikaenda moja kwa moja kununua betri.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefanya kazi ya kitaalamu. Betri nimeiweka ndani ya kisanduku. Tundu la umeme nimeliziba kabisa. Waya wa gitaa nimeulehemu ncha zote mbili, gitaani na kwenye pedali, asipatikane mtu wa kuchomoa. Kifuniko nimekifunga kwa skrubu tisa, halafu nikazisaga vichwa kwa tupa. Bisibisi haishiki. Aje sasa na miguu yake!

Swichi haimo. Ilitokea hivi. Mama mkwe yuko kwetu wiki ya pili. Swichi ya feni yake ilikufa, feni ikawa inakwenda kasi ya mwisho usiku na mchana. Asubuhi kanikalisha, kaniita baba, kaniambia kwa upole kwamba mafua yamemshika na mtandio wake umekutwa juu ya kabati. Ningemwambia nini mama mkwe? Kwamba swichi ninayo ila ni ya muziki? Nikaifunga kwenye feni yake. Kanibariki mpaka nikaona haya.

Kwa hiyo pedali ukiikanyaga inawaka. Kuzimika hakumo. Mke wangu akauliza hilo si tatizo kidogo. Nikamweleza kwa kirefu. Nilipomaliza akasema sasa anaelewa, kifaa kimemfuata mwenyewe, maana hata mimi nikianza kueleza jambo sina pa kuzimiwa. Mama mkwe akacheka kikohozi kikampanda. Nikacheka na mimi, nifanyeje?

Ijumaa, 7 Machi

Sikufanya kitu cha maana. Nimefanya mazoezi ya kusimama. Mpiga solo husimama mguu mmoja mbele, kidevu juu. Mke wangu kanipigia pasi shati la buluu, akaniambia hata nikikosa hiyo solo, yeye atapiga makofi mpaka viganja viwake moto. Nikamwambia nikikosa nitaumia vibaya. Akasema anajua.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi!

Ukumbi umejaa. Walimu, wazazi, wanafunzi wa zamani wenye vitambi. Mbele kabisa mwalimu mkuu, mama mfupi mwenye miwani, na pembeni yake mgeni rasmi, afisa wa elimu, na hotuba yake mapajani. Nilizihesabu karatasi kwa macho, nikaacha zilipofika thelathini. Angesoma mara tu baada ya wimbo wa mwisho. Ukumbi ulitakiwa kurudishwa saa kumi na mbili kamili jioni, kulikuwa na watu wengine wanangoja nje.

Vidole akapiga solo yake. Mvua ya mawe! Watu wakashangilia.

Zamu yangu, wimbo wa mwisho, ukumbi mzima umesimama kwa heshima ya mwalimu. Tukafika mwisho. Mguu mbele, kidevu juu, nikapiga noti yangu, nikakanyaga. Kiongozi akanyanyua mkono.

Dakika ya kwanza watu walitazamana. Ya tatu, mwalimu mkuu alitoa leso. Ya tano, walimu wawili walishikana mikono, nadhani kwa uchungu wa kuagana, ingawa mmoja alikuwa anatafuta pa kuegemea. Ya nane, mgeni rasmi alikwenda kwenye kipaza sauti akasema mabibi na mabwana. Kiongozi akamtikisia kichwa: wimbo bado. Akarudi kukaa.

Dakika ya kumi na mbili Kiongozi alianza kuushikilia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Mpiga kinanda akanyemelea spika azime. Kiongozi akamtolea macho na kumwambia kwa mdomo bila sauti kwamba kwenye bendi yake noti haiuawi. Vidole ndiye aliyekuja kwangu kwa magoti, akauvuta waya. Gitaa likaja, na mimi nikaja nalo. Akatoa bisibisi mfukoni (kumbe anatembea nayo!). Akaizungusha, ikateleza, akaizungusha, ikateleza. Nilimtazama kwa upendo.

Mgeni rasmi alikwenda na kurudi mara tatu. Kila akirudi, alikunja karatasi kadhaa na kuzitia mfukoni.

Dakika ya ishirini na sita, betri ikaisha. Noti ikaanza kushuka taratibu, ikanguruma, ikakoroma, ikafa. Kimya kitupu. Mkono wa Kiongozi haukushuka, ulikuwa umekufa ganzi. Watu wawili walimsaidia kuushusha. Ndipo mpiga ngoma akagonga.

Makofi! Sijawahi kuyasikia makofi kama yale. Saa ilikuwa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Mgeni rasmi akasimama, akamtazama mlinzi wa ukumbi akitikisa funguo mlangoni, akasema asanteni sana, akakaa. Makofi tena, makubwa kuliko ya kwanza! Mwalimu mkuu akanikumbatia mbele ya watu, akaninong'oneza kwamba amekaa kazini miaka thelathini na minne, na hajapata kuona mtu aliyeweza kumnyamazisha yule bwana.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Viganja vyake kweli vilikuwa vyekundu. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Jumapili, 9 Machi

Kiongozi amekuja nyumbani, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Mama mkwe kamkaribisha chai. Kaimaliza kwanza, ndipo akasema.

Kasema tangu aanze muziki hajasikia noti kama ile. Kasema akiwa pale, mkono juu, alikumbuka maisha yake yote, na alipoyamaliza akaanza ya jirani yake. Kasema heshima niliyoipa bendi hataisahau.

Solo kampa Vidole.

Nimeumia. Humu siandiki uongo. Niliangalia kikombe changu, sikuona hata chai ilivyo rangi. Miaka tisa, halafu dakika ishirini na sita, halafu basi.

Na sheria kaibadilisha. Kuanzia sasa wimbo unaisha yeye akichoka. Na mimi nipumzike gitaa kwa muda, nipige manyanga. Kasema manyanga ni chombo cha heshima, tena kina uzuri mmoja: mkono wa mpigaji ukichoka, yananyamaza. Akaniletea kabisa, mawili, kwenye mfuko.

Alipoondoka, mke wangu alikaa karibu nami. Hakunipa pole. Aliniambia tu kwamba jana alisimama dakika zote ishirini na sita na hakutamani kukaa, na kwamba kwa mara ya kwanza ukumbi mzima ulikuwa unanitazama mimi. Nikaona ni kweli. Moyo ukatulia kidogo. Jioni tukala vizuri, mama mkwe akanitaka nimtikisie manyanga kidogo. Si mabaya, sauti yake kavu hasa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka mwepesi. Nimekaa karakanani nikajiuliza kwa unyenyekevu nilikosea wapi. Jibu limekuja haraka: betri ilikuwa ndogo. Ingekuwa ya gari, noti ingekuwa bado ipo mpaka sasa hivi, na Kiongozi asingepata nafasi ya kuja kusema maneno yale.

Lakini yamepita. Mtu mzima hutazama mbele.

Asubuhi mteja kaacha feni yake ya betri, mapanga yamevunjika, kasema tutupe. Nikaifungua. Mota mpya kabisa! Nikaikalisha kwenye ubao, nikafunga manyanga yote mawili kwa waya, moja huku, moja kule, nikaunganisha kwenye betri ya gari la shemeji. Yanatikisika, tena kwa mpigo mmoja safi ambao hata mpiga ngoma wetu hauwezi! Shemeji kasimama mlangoni mdomo wazi, anasema jambo, simsikii.

Kiongozi alisema mkono wa mpigaji ukichoka, manyanga hunyamaza. Haya yangu hayana mkono.