Mhariri Mkuu wa Jarida la Sikio

Jumatatu, 3 Machi

Nimechaguliwa! Kuanzia leo mimi ni mhariri mkuu wa Jarida la Sikio, jarida la utafiti la chama chetu cha madaktari wa masikio. Nimepita bila kupingwa. Mwenyekiti aliuliza nani anaitaka nafasi, ukumbi mzima ukainama kutazama viatu. Hofu tupu. Walijua wakishindana nami wataumbuka.

Jioni nikamwambia mume wangu asimame nimpe habari. Akasema anasikia vizuri akiwa amekaa. Mwalimu wa hesabu, hashtuki huyu. Akauliza mhariri aliyetangulia aliondoka kwa nini. Nikamwambia alichoka. Akasema, “Ahaa.” Sikuipenda ile ahaa.

Simu ya kwanza nikampigia shemeji, mdogo wake mume wangu, daktari wa pua na mhariri wa Jarida la Pua. Miaka yote tukikutana kwa mama mkwe huniuliza sikio linaendeleaje, kana kwamba limelazwa. Leo nimemjibu kwamba limepata mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisi yangu: chumba kimoja nyuma ya maabara, dirisha halifungi, mguu mfupi wa meza umeinuliwa kwa matoleo ya zamani ya jarida. Dharau! Nikaamuru yatolewe. Meza ikalala upande pamoja na chai yangu. Katibu wa jarida, mama mtu mzima asiye na haraka, akayarudisha, akafuta chai.

Halafu nikasoma mahali kwamba majarida makubwa hukataa makala tisa katika kila kumi. Kumbe ndiyo maana yanaogopwa! Sisi mwaka jana tulikubali karibu kila tulicholetewa. Jarida limekuwa kama kituo cha basi, kila apitaye anapanda. Hapo ndipo wazo likanijia. Kama heshima iko kwenye kukataa, nitakataa kuliko wote.

Jumanne, 18 Machi

Nimekataa makala zote. Zote! Asilimia mia! Nani mwingine amewahi kufika hapo?

Katibu akanikumbusha kwamba makala hupelekwa kwanza kwa wahakiki, wataalamu wawili wa kuzisoma na kutoa maoni. Nikamwambia wahakiki wana huruma nyingi. Barua nimeandika mwenyewe, moja kwa wote: “Makala yako nimeisoma. Hapana.” Safi. Haina mafuta.

Moja tu ilinisumbua. Daktari mmoja, binti mgeni kwenye fani, amepima masikio ya wafanyakazi wa mashine za kusaga nafaka, akaonyesha wanavyopoteza usikivu kidogo kidogo bila kujua. Nzuri. Nzuri sana. Mkono ukasita. Lakini nikikubali moja, asilimia mia imekwenda na maji. Hapana.

Jumatatu, 7 Aprili

Mchapaji kapiga simu, anauliza toleo liko wapi. Nikamwambia tunajenga viwango. Akasema yeye hachapi viwango, anachapa kurasa. Ana mdomo huyo!

Nikatazama nilicho nacho: tahariri yangu yenye picha yangu, na tangazo la dawa ya kulainisha nta ya masikio. Nikaikuza picha. Kurasa bado hazitoshi.

Basi nikampigia yule daktari wa mashine za kusaga, kiroho safi, kumwambia nimemsamehe. Akanijibu kwa adabu kwamba makala yake imeshapata kwao. Nikauliza wapi.

“Kwenye Jarida la Pua, daktari.”

Nikampigia wa pili. Puani. Wa tatu. Puani! Masikio yangu yote yamehamia puani!

Jumatano, 9 Aprili

Nimemfuata shemeji kliniki kwake. Nimemkuta ana tochi ndani ya pua ya mgonjwa, akanikaribisha hivyo hivyo. Nikamuuliza masikio yanamhusu nini. Akasema, shemeji, watu wamekuja wanalia, wameshika barua inayosema hapana, angewafukuza? Aliwaomba tu kila mmoja aongeze sentensi moja ya pua. Yule wa mashine kaandika kwamba vumbi la unga huingia puani pia. Imetosha!

Mgonjwa akacheka, tochi ikamponyoka shemeji. Nimeondoka na heshima zangu zote.

Ijumaa, 25 Aprili

Toleo la Pua lilitoka wiki iliyopita, leo nimelipata. Nene kama tofali. Nimelisoma ndani ya gari, vioo juu. Makala ya mashine imewekwa mwanzo kabisa, na katibu anasema wenye viwanda wawili wameshawagawia wafanyakazi wao vizuia kelele. Mwishoni mwandishi anamshukuru baba yake. Mzee alisaga nafaka maisha yake yote. Siku hizi bintiye huongea naye kwa kumwandikia.

Macho yakanitoka maji. Mafua, bila shaka.

Mchana chama kikakutana. Mwenyekiti akatangaza kwamba sisi na wenzetu wa pua tumekubaliana majarida yaunganishwe: Jarida la Pua na Sikio. Mhariri mkuu, shemeji. Naibu, mimi. Nasikia wapo waliotaka nitolewe kabisa, shemeji akaniombea. Makofi yakapigwa, mengi kuliko ya siku niliyochaguliwa.

Sikula usiku.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeamka na akili zangu. Watu hawajaelewa kilichotokea, kwa hiyo nakiandika. Mwezi wa tatu nilikuwa na sikio peke yake. Leo nina sikio na pua! Himaya imeongezeka maradufu chini ya uongozi wangu. Na zile makala, nani aliyezitia makali kama si mimi niliyezikataa? Shemeji amebebeshwa mchapaji, barua na lawama. Mimi nimebaki na mamlaka matupu.

Isitoshe, nimedokezwa kwamba mhariri wa Jarida la Koo anastaafu na hakuna anayeitaka nafasi yake. Waoga! Barua ya maombi nimeipeleka asubuhi hii hii, kwa mkono wangu.

Mume wangu akaacha kusahihisha madaftari, akaniuliza taratibu kama kuna chochote nilichojifunza. Nikamwambia kipo, tena kikubwa. Kosa langu lilikuwa kuchelewa. Wa koo nitawakataa kabla hawajaandika.