Wageni wa Siku Ishirini na Nane

Walikuwa wameshaanza kutoka. Godoro mbele, masufuria nyuma, na bibi wa chumba cha tatu amekumbatia kuku asiyejua kosa lake.

Nyumba ile ya mpito walipewa walioteketezewa kila kitu na moto, wakae humo mpaka wapate makao. Lakini msimamizi, aliyejiita Mheshimiwa, alijitungia sheria: kila siku ya ishirini na nane wabebe vyao, wazunguke mtaa, warudi kuandikwa upya langoni, asiwepo atakayetimiza mwezi akadai haki ya mpangaji.

"Ninyi si wapangaji, ni wageni," alisema. "Na mgeni hafukuzwi, anasindikizwa."

Yeye mwenyewe alilala chumba cha nne, ingawa hakuunguzwa hata na kiberiti.

Leo alikusudia fundi cherehani akizunguka asirudi. Chumba chake kina dirisha la barabarani, na muuza simu ameshampa Mheshimiwa pesa za kilemba ili akipate. Fundi alijua: jana alimkuta huyo muuza simu anapima ukuta wake.

"Kaka Mheshimiwa," fundi alisema, "nasikia afisa wa nyumba anakuja sasa hivi. Anaandika kila aliyezidisha siku ishirini na nane."

"Wewe unahusika nini?"

"Mimi sina neno, nazunguka. Wewe je, wa miaka mitatu?"

Mheshimiwa akakuna kidevu. Mwongo akirudishiwa uongo wake huuona mtamu.

"Nizunguke?"

"Mara moja tu. Niachie funguo za lango nililinde. Ukirudi, nami nitoke."

Akampa. Mtu ukishamwona mjinga, humchungi tena.

Akaondoka na begi na mto, kwa heshima zote. Aliporudi anahema, lango limefungwa, na fundi na wenzake wote wamesharudi ndani.

"Fungua!"

"Safari njema, mgeni," fundi alijibu kupitia tundu la lango. "Tumeshakusindikiza."

Mheshimiwa akalipiga lango teke. "Nimeishi humu miaka mitatu! Mtu hatolewi nyumbani kwake bila notisi na amri ya mahakama! Hujui sheria wewe?"

Nyuma yake mtu mwenye daftari akakohoa. Ni afisa, aliyepigiwa simu na fundi tangu jana.

"Rudia polepole, mzee," alisema, "niandike."

Mheshimiwa alipewa notisi kama mtu yeyote, akakaa mpaka ilipoisha, akaondoka. Muuza simu bado anamtafuta. Fundi anashona dirishani. Wengine hawazunguki tena. Kuku alitaga siku ileile, yai likaliwa.