Nilivyopimwa kwa Salamu

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Tathmini ya Watu Wenye Ulemavu,
Ghorofa ya Tatu.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: OMBI LA KUPIGA MARUFUKU SALAMU KATIKA OFISI YAKO

Natumaini barua hii inakukuta umeketi. Mimi pia nimeketi, kama kawaida yangu kwa mwaka wa sita sasa. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa mapaa kwa miaka ishirini na miwili, mpaka siku nilipoamua kushuka kutoka juu ya ghala bila kutumia ngazi. Nilifika chini mapema kuliko wenzangu wote. Tangu siku hiyo miguu yangu ninayo kwa ajili ya kuvalia suruali tu.

Mwezi uliopita niliitwa kituoni kwako nikapimwe upya. Wiki iliyopita nililetewa majibu kwamba mimi ni mzima, na kwamba faili langu litafungwa mwisho wa mwezi huu. Likifungwa, posho inakoma, na posho hiyo ndiyo inayotulipia chumba mimi na mke wangu. Kwa heshima zote, nina malalamiko yafuatayo.

1. Umbali. Kituo kilichokuwa karibu nasi mlikifunga ili kutusogezea huduma. Sasa natoka nyumbani alfajiri, nabadilisha magari matatu, na kila gari ni lazima kwanza wabishane kama kiti changu cha magurudumu ni mzigo au ni abiria. Katika gari la pili kiti kilipata dirisha, mimi nikapata mlangoni. Sikulalamika.

2. Lifti. Mlangoni mwake pana karatasi inayosema lifti ni mbovu, tutumie ngazi, na poleni kwa usumbufu. Karatasi yenyewe imepauka kwa uzee. Kiti nikamwachia mlinzi. Ngazi lakini nazisifu, kwa kuwa ni kazi ya fundi mwenzangu: vidato hamsini na vinne, vyote vimelingana, hakuna hata kimoja kilichopinda. Nilipata muda wa kutosha wa kuvikagua.

3. Salamu. Hapa ndipo nilipochinjiwa. Afisa aliyenipima ni mama mmoja mwenye miwani, mpole, mwenye adabu zake, na adabu hizo ndizo zilizonimaliza. Aliniuliza, "Habari za safari?" Nikajibu, "Nzuri tu." Akasema, "Pole na uchovu." Nikasema, "Nimeshapoa." Akauliza, "Na afya, baba?" Nikasema, "Salama kabisa, tunamshukuru Mungu." Akauliza habari za nyumbani, nikamwambia wote wazima. Mimi nilidhani tunasalimiana, kumbe tumeshaanza. Taarifa yenu ninayo hapa mkononi: mwombaji alisafiri vizuri, hana uchovu, afya yake ni salama kabisa. Hata familia yangu mmeipima, nayo imefaulu.

Ndugu Mkurugenzi, na wewe umelelewa na watu. Mtu akiulizwa habari, husema nzuri. Nyumba ikiwaka moto utasema nzuri kwanza, kisha ndiyo uombe ndoo. Siku ile nilipoanguka, msimamizi wetu alikuja mbio akaniuliza, "Vipi, fundi?" Nikamjibu, "Poa," nikiwa nimelala chali juu ya matofali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuyaficha maradhi yangu, niliyatangulizia salamu tu, na afisa wako akafunga kalamu kabla sijafika kwenye "ila".

4. Kwa hiyo naomba salamu zipigwe marufuku kuanzia getini. Mgonjwa akiingia aulizwe moja kwa moja kinachomuuma, tena kwa ukali. Kama watumishi wako hawana ukali wa kutosha, ninaye mwenye nyumba wangu. Yeye akibisha hodi haanzi na habari za asubuhi, na mbele yake sijawahi kuwa mzima hata siku moja. Naweza kuwaazimisha. Mkiamua kukaa naye moja kwa moja, sitadai arudishwe.

5. Ikishindikana, basi ofisi igharamie mafunzo ya kulalamika kwa walemavu wote. Wengi wetu tulifundishwa kuvumilia, na sasa uvumilivu unatuponza. Wiki mbili zinatosha: ya kwanza kuguna, ya pili kulia mbele ya maafisa, na mwisho tupewe cheti. Mkufunzi awe shemeji yangu, ambaye jino lake moja lilipouma, mtaa mzima haukulala. Madarasa yawe chini.

6. Na hilo likishindikana pia, basi serikali ilisimamishe neno "nzuri" nchi nzima mpaka nitakapohakikishiwa kwamba faili langu halifungwi. Mimi mwenyewe nimeshaanza utekelezaji. Jana kaka yangu alinipigia simu kunijulia hali, nikamwambia hali ni mbaya. Alikata simu, akadhani nataka kumkopa.

Nafunga kwa kukutakia kazi njema na magoti imara. Nisalimie yule mama mwenye miwani, mlinzi wa mlangoni na watumishi wote wa ghorofa ya tatu, kama marufuku haijaanza.

Wako katika kuketi,

Fundi Mapaa

N.B. Mke wangu ameisoma barua hii, na amekataa kuipeleka posta mpaka niandike yaliyobaki. Si kweli kwamba afisa wako alifunga kalamu. Salamu zilipokwisha aliiweka mezani, akavua miwani, akaniuliza polepole, "Baba, niambie kweli. Hizi ngazi umezipandaje?" Nikamjibu, "Aa, mama, mimi fundi wa mapaa. Napanda mbili mbili."

Mke wangu alikuwa ameketi pembeni yangu. Ndiye aliyenibeba mgongoni vidato vyote hamsini na vinne, na alikuwa bado anahema. Hakusema neno, maana hakutaka kunivunjia heshima mbele ya watu. Tulipomaliza, akanibeba tena kushuka. Niliona aibu, Ndugu Mkurugenzi, na aibu hiyo ninayo mpaka sasa.

Siwezi kupanda ngazi. Naomba iandikwe hivyo.