Siku Migogoro ya Familia Ilipokwisha

Kuanzia Jumatatu ile, maswali yote ya kifamilia nchini yalikuwa arobaini na moja. Mkurugenzi ndiye aliyetangaza, akiwa amesimama kwenye kizingiti cha jengo letu, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika kijitabu chenye jalada la kijani.

"Wananchi walikuwa wanauliza ovyo ovyo," alisema. "Sasa watauliza kwa mpangilio."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa muda mrefu kuliko wenzangu, kwa sababu nilikuwa katibu wa kamati iliyoyachagua maswali hayo, na pia kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu naye.

Nijitambulishe. Mimi ni Naibu Msimamizi Mwandamizi wa Dirisha la Pili katika Kitengo cha Majibu ya Maswali ya Kifamilia. Kitengo kiko ghorofa ya chini. Juu yetu kuna mahakama, ila sisi na wao hatuingiliani; wana ngazi zao upande wa nyuma. Kazi yetu ni kumjibu mwananchi anayetaka kujua sheria inasemaje kuhusu ndoa, watoto, nyumba, mirathi na kupigwa, kabla hajaenda kumsumbua hakimu. Dirisha la Kwanza ni la ulinzi, nalo hufunguliwa Jumatatu. La Pili, langu, ni la watoto, Jumatano. La Tatu ni la mali, Ijumaa. Siku zinazobaki hatujibu, ili tupate nafasi ya kuandika taarifa kuhusu tulivyojibu.

Kijitabu kilikuwa kazi nzuri. Majibu thelathini na tisa yalisema "Inategemea." La arobaini lilisema "Tazama jibu lililotangulia." La mwisho, kwa kosa la mpiga chapa, lilitoka tupu, na katika sanduku la maoni ndilo lililosifiwa zaidi kwa uwazi wake.

Jumatano ya pili akaja fundi cherehani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, futi kamba bado inaning'inia shingoni kama vile ameondoka kazini kwa ghafla. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimefungwa kwenye kipande cha rula.

"Kaka," alisema, "mume wangu amenivunja kidole. Binti yetu amempeleka kwa mama yake, na mimi nimekatazwa hata kufika getini. Halafu yeye ni mtu wa kuchomelea vyuma. Chumba changu cha kushonea ameuchomelea mlango, na cherehani iko ndani. Nifanyeje?"

Nilimweleza kwa upole kwamba hayo ni maswali matatu, na yeye ana namba moja ya foleni.

"Lakini ni mume mmoja."

"Mume ni mmoja, dada, madirisha ni matatu. La kidole lilikuwa juzi. La mlango ni keshokutwa. Leo ni siku ya mtoto."

"Basi tuanze na mtoto. Ana miaka sita. Halali mpaka ashike sikio langu. Leo ni siku ya nne."

Nikafungua kijitabu, swali la kumi na tisa: Je, mzazi mmoja anaweza kumzuia mwenzake kumwona mtoto? Nikamsomea jibu. Akauliza inategemea nini. Nikamwambia swali hilo linafikiriwa kwa toleo lijalo.

Kwa kuwa nilimwona ni mtu wa heshima, nilivuka mipaka ya dirisha langu nikampa Fomu ya Kuomba Kulindwa, ambayo kwa kawaida hutolewa Jumatatu tu. Nikamwonyesha mahali pa sahihi yake, na chini yake mahali pa sahihi ya mlalamikiwa. Kipengele hicho kilibuniwa na Mkurugenzi mwenyewe, kwa msimamo kwamba si haki mtu kulalamikiwa kwa kushtukizwa.

Fundi aliisoma fomu mpaka chini, kisha akairudia.

"Nimpelekee aliyenivunja kidole, aweke sahihi kwamba alinivunja kidole?"

"Kwa wino wa bluu," nilisema. "Mweusi mashine yetu haiupendi."

Alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi kupitia kioo kile, na najua namna ya kupanga karatasi mpaka wamalize. Huyu alichelewa kumaliza. Mwishowe akaenda kukaa kwenye benchi la ukumbini, fomu mapajani, akawa anafuta machozi kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na rula.

Hapo ndipo alipoingia Mama Usafi na ndoo yake. Mama Usafi husafisha jengo zima, juu na chini, kwa hiyo hana nidhamu ya idara yoyote.

"Mwanangu, umekaa hapa unasubiri nini?" aliuliza.

"Sijui, mama. Wameniambia nirudi Ijumaa, halafu Jumatatu, na katikati nikatafute sahihi ya mume wangu."

Mama Usafi akaegemeza fagio ukutani. "Hawa wa chini wanajibu tu. Wanaoamua wako juu. Panda ngazi za nyuma, mlango wa tatu, mwambie karani unataka amri ya ulinzi ya haraka. Huna haja ya fomu ya hawa. Utaapishwa, utasema kwa mdomo wako, karani ataandika. Hakimu akiona uko hatarini anatoa amri ya muda leo leo, mumeo ataitwa baadaye ajieleze. Nimepiga deki chumba kile miaka tisa, nimeyasikia yote."

"Na mtoto?"

"Mtoto, kidole, mlango, vyote sema humo humo. Huko hawagawi mtu vipande."

Niligonga kioo kumkumbusha Mama Usafi kwamba hana kibali cha kujibu. Akanijibu kwamba na mimi nina kibali na sijibu, akaendelea kupiga deki.

Yaliyotokea juu niliyapata kwake baadaye. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye mafua, anapenga kamasi kila baada ya sentensi. Alikitazama kidole, akauliza kama kuna cheti cha hospitali, kipo. Akauliza binti yuko wapi, cherehani ilinunuliwa na nani, na kama mume ana silaha. Kisha akaandika. Mchomelea vyuma asimkaribie mkewe, nyumbani wala kazini. Mtoto arudi kwa mama yake mpaka shauri lisikilizwe. Na mlango ule aufungue mlalamikiwa mwenyewe, kwa vifaa vyake mwenyewe, mbele ya askari.

Kabla ya saa saba fundi alishuka, akapita mbele ya dirisha langu akipuliza muhuri ukauke. Katika daftari nilimwandika kama mteja aliyepotea.

Jioni hiyo askari wawili walimsimamia mume akikata alichokichomelea, mtaa mzima ukitazama cheche. Afande mwanamke alimleta binti kutoka kwa bibi yake, amevaa viatu vilivyopishana miguu. Mwezi uliofuata hakimu alimsikiliza na mume, ambaye alisema kidole kilijivunja, na amri ikathibitishwa kwa mwaka mzima.

Ingekuwa imeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini fundi alikuwa akija mara kwa mara kufuatilia shauri la matunzo ya mtoto, na akifika mapema hukaa kwenye lile benchi. Watu wakawa wanamuuliza. Mzee mmoja fundi saa alitaka kujua kama wadogo zake wana haki ya kuwatoa watoto wa marehemu kaka yao kwenye nyumba.

"Hawana," fundi cherehani alimwambia. "Hakuna anayegawa chochote mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Chukua cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, uende mlango wa tano. Nenda leo, mzee wangu, wasije wakauza."

Asilolijua alisema, "Hilo silijui, ngoja nikakuulizie." Maneno hayo yalikuwa hayajawahi kutamkwa katika kitengo chetu, na watu waliyapenda isivyo kawaida.

Baada ya miezi miwili benchi lilikuwa limejaa na madirisha yalikuwa matupu. Mkurugenzi akashuka kukagua. Alisimama mbele ya kioo changu, mgongo wake umewaelekea watu arobaini waliokuwa ukumbini.

"Mbona hakuna watu?"

"Hawaji tena dirishani, mheshimiwa."

Alitafakari. "Basi migogoro imekwisha."

Sikuwa na takwimu za kumpinga. Takwimu ni watu wanaokuja dirishani. Akaiandikia Wizara kwamba migogoro ya familia imemalizika kabla ya muda uliopangwa, na Wizara ikaafiki ifanyike hafla. Likafungwa turubai uani, viti vikapangwa, vipaza sauti vikaletwa. Watu wa benchi tuliwaomba wasogee nyuma ya turubai na benchi lao, wasije wakatokea kwenye picha.

Mke wa Mkurugenzi alifika asubuhi na mapema, kama alivyoagizwa. Ni muuguzi wa wodi ya wazazi, mama mpole, mikono yake hunukia sabuni. Viti vya mbele vilikuwa bado na vumbi, na mgeni rasmi kutoka Wizarani alituma habari kwamba atachelewa kwa saa tatu. Nikamwambia, "Shemeji, kaa popote." Akaenda kukaa kwenye benchi, ubavuni mwa fundi cherehani, ambaye hakumjua.

"Na wewe una shida gani, dada?" fundi alimuuliza.

"Sina shida. Namsubiri mume wangu." Akausogeza mkoba mapajani. "Ila nina rafiki yangu."

"Ndiyo."

"Amejenga nyumba na mumewe kwa miaka kumi na minne. Mabati yote yalitoka kwenye mshahara wake. Sasa amegundua kwamba hati imeandikwa jina la shemeji yake, mdogo wa mume. Na ameambiwa akifungua mdomo atatoka yeye, watoto watabaki."

"Anapigwa huyo rafiki?"

Alitazama vipaza sauti kana kwamba vimeshawashwa. "Si kila siku."

"Mwambie hawahesabu siku," fundi alisema taratibu. "Nyumba aliyoijenga ana haki nayo hata jina likiwa la mtu mwingine, mradi aonyeshe mchango wake. Akatafute risiti za mabati. Na watoto hawachukuliwi kwa vitisho, anaamua hakimu, anaangalia watoto watakuwa salama wapi. Lakini kwanza aombe ulinzi. Hayo mengine yatafuata akiwa na nafasi ya kuvuta pumzi."

"Ataogopa."

"Mimi pia niliogopa. Ngazi zile nilizipanda hivyo hivyo." Akamwonyesha kidole chake, ambacho kilikuwa kimeunga vibaya na hakikunjiki tena.

Nilikuwa jirani nikifuta viti, nikayasikia yote. Nilimhurumia sana rafiki huyo. Shemeji aliinuka, akafungua mkoba, akachungulia bahasha moja nene iliyokuwa ndani, akaelekea upande wa nyuma wa jengo. Nilidhani anatafuta choo.

Mgeni rasmi alifika saa saba. Mkurugenzi akapanda jukwaani, akaeleza jinsi kijitabu kilivyorudisha amani majumbani. Alikuwa amefika pazuri aliposogea tarishi wa mahakama, shati limechomekewa, akamkabidhi karatasi na kumwomba aweke sahihi kwenye daftari. Mkurugenzi akaweka sahihi bila kutazama. Ni mtu aliyezoea kusoma hadharani chochote anachokabidhiwa, kwa sababu kwa miaka mingi amekabidhiwa pongezi tu.

"Nimeletewa ujumbe," alisema, akasogeza kipaza sauti. "'Mahakama, baada ya kusikiliza ombi hili, imeridhika kikamilifu…'"

Tukapiga makofi.

"'…kwamba mwombaji yuko katika hatari kutokana na vitendo vya mlalamikiwa.'" Sauti ilianza kupungua mwendo, lakini mdomo ulishazoea kumaliza sentensi. "'Mlalamikiwa ataondoka katika nyumba ya familia leo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Hataiuza, hataihamisha wala kuiweka rehani, yeye mwenyewe wala kupitia mdogo wake.'"

Akakoma. Turubai likapigwa na upepo.

"Endelea," alisema mgeni rasmi, ambaye alikuwa akiandika. "Tunakufuatilia vizuri."

Hafla ilipovunjika, Mkurugenzi alinivuta pembeni. Uso wake ulikuwa umelegea, nikamwona kwa mara ya kwanza kuwa ni mtu wa makamo.

"Wewe ndiye mtaalamu," aliniambia. "Wanaweza kunitoa nyumbani kwangu kabla sijasikilizwa? Wanangu nitawaona lini?"

Nikafungua mdomo. Miaka kumi na moja nimekaa dirisha la watoto, nikagundua kwamba silijui jibu. Nikamwonyesha benchi.

Alikwenda. Watu walimpisha kwa adabu, akakaa mwishoni, na zamu yake ilipofika fundi alimjibu kama alivyowajibu wengine. Ndiyo, wanaweza, kwa muda. Atasikilizwa tarehe iliyoandikwa hapo chini, atafute wakili. Nguo zake akachukue akiwa na askari, asiende peke yake. Watoto aombe kupangiwa siku za kuwaona, na asipige simu ya vitisho hata moja, kwa sababu hiyo ndiyo itakayomharibia.

"Kwa nini sikuambiwa haya mapema?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hukuuliza," fundi alisema. "Anayefuata."

Walibaki watano mbele yangu. Nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi kabla sijajua kwamba nimekaa. Nilipofikiwa nilimweleza kwamba nina binti, anaishi na mama yake mji mwingine, na kwamba tangu tulipoachana sijawahi kujua kama nina ruhusa ya kwenda kumwona.

"Ana miaka mingapi sasa?" fundi aliniuliza.

Ilinibidi nihesabu kwa vidole.