Tangi la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamua. Nitamtoa baba mkwe chumbani, tena kwa pikipiki.

Miezi saba sasa, tangu tumzike mama mkwe, mzee hatoki. Chakula anapelekewa. Dirisha lake linatazama karakana yangu, lakini pazia halifunguki. Mke wangu hutega sikio mlangoni kwa baba yake kila asubuhi, kisha anakwenda kukaa kwenye cherehani yake, kimya. Zamani alikuwa anaimba akishona, tena vibaya sana. Natamani kuusikia tena ule uimbaji mbaya.

Mpango ni huu. Pikipiki ya mzee, aliyopelekea watu barua kwa miaka thelathini, imelala karakanani kwangu. Injini nzima. Tangi limeoza kwa kutu. Nitaitengeneza upya kwa mtindo wa kizamani, kama zile za kwenye majarida: tangi refu, jembamba, limechongoka nyuma kama tone la maji. Mzee ataiona, moyo utamruka, atatoka. Rahisi! Mimi ni fundi wa mageti. Geti na tangi vina tofauti gani? Bati ni bati.

Tangi la zamani nimelitupa nyuma ya banda la kuku.

Jumatano, 5 Machi

Tangi limekwisha. Zuri mno! Rangi ya maziwa, mstari mwekundu ubavuni. Kasoro moja ndogo: kwa wembamba wake haliingii hata petroli ya kujaza kikombe, na kwenye pembe linavuja. Akili ikanijia palepale. Tangi libaki pambo. Petroli iwekwe kwenye kidumu, kidumu kifichwe chini ya kiti, mpira uende kwenye kabureta. Nani atajua?

Jirani wa ng'ambo ya barabara akaja kuchungulia. Tunamwita Injinia kwa sababu anajiita hivyo. Yeye huchukua pikipiki mpya akazizeesha, na wateja wanampangia foleni. Alizunguka mara mbili, akauliza kama lile ni tangi au jeneza la paka. Wivu mtupu!

Nikapiga kiki. Ikanguruma! Nikageukia dirisha la mzee, mikono juu kama mgombea aliyeshinda. Ikazima. Kiki tena. Kimya. Nilipiga kiki arobaini, jasho mpaka kwenye soksi. Injinia akavuta ndoo akaikalia, atazame kwa raha zake.

Ndipo pazia likasogea upana wa kidole, na sauti ya mzee ikatoka, imekwaruza kwa kukaa bila kutumika.

"Petroli haipandi mlima, bwana."

Pazia likafungwa. Ni kweli, kidumu kiko chini kuliko kabureta, na pampu hakuna. Nimeudhika sana. Mke wangu akatoka mbio na futikamba shingoni, akauliza ni nani aliyesema. Nikamjibu ni baba yako huyo, ananikosoa mbele ya watu. Akaanza kujifuta machozi kwa gauni la mteja. Mimi nadhalilishwa, yeye analia kwa furaha. Ndoa hii!

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa pili. Kama petroli haipandi mlima, basi kidumu kipande. Nimekifunga juu ya fremu nyuma ya kiti, nikakizungushia kitambaa kisionekane. Injinia akauliza mtoto ana miezi mingapi.

Iliwaka! Nikatoka getini, nikapita dukani, nikafika kwa kinyozi, ikazima. Nikafungua kifuniko cha kidumu kutazama, petroli imo. Nikapiga kiki, ikawaka. Nikakifunga, baada ya muda ikazima. Nikifungua inawaka, nikifunga inakufa. Nikasema hii sasa si ufundi, hii ni mikosi. Nimeisukuma mpaka nyumbani, na kinyozi na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa wakanisindikiza kwa macho. Uani nikamsimulia mke wangu habari ya kifuniko, kwa kelele.

Mke wangu alipompelekea baba yake chai, alikuta pazia wazi kabisa na kiti kimesogezwa dirishani. Mzee akamwagiza aniambie nitoboe kifuniko, hewa iingie, la sivyo petroli haitashuka. Kisha akauliza tangi lake mwenyewe liko wapi. Nikajibu lipo, nimelihifadhi. Nikaenda kulitoa kwa kuku.

Jumapili, 9 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi mke wangu alikwenda sokoni. Nikaona huu ndio wakati wa kuziba tangi la zamani. Matundu matatu tu, kazi ya dakika kumi. Nililitikisa, kukachezacheza petroli kidogo ya miaka hiyo. Nikaimwaga. Tangi likabaki linanuka, nikasema harufu si kitu, petroli imekwisha. Nikavaa kofia ya kuchomelea, nikawasha mashine, nikainama.

Kitu kikanivamia mgongoni. Nikaanguka ubavu, mashine ikazimwa. Nilipoinua kofia, mzee alikuwa amesimama juu yangu, fulana na shuka kiunoni, mguu mmoja una ndala, mwingine mtupu. Miaka themanini na moja! Ameuvuka ua mbio. Tangi amelikumbatia kifuani, anahema.

Nilidhani amekuja kuchukua mali yake. Nikaanza kumwomba radhi kwa habari ya kuku. Akanikatiza. Akasema kinacholipuka ndiyo hiyo harufu, na kwamba tangi tupu linaua haraka kuliko lililojaa. Halafu akaketi vumbini.

"Nimeshazika mmoja, mwanangu. Usinifanye nizike wa pili."

Miaka ishirini na mbili nimemwoa binti yake, na siku zote ameniita bwana. Nikaketi naye. Tukalia, watu wazima na akili zetu, tangi katikati. Mke wangu aliporudi akatua kikapu, akaketi nasi. Nyanya zikabingirika mpaka kwa kuku, hakuna aliyezifuata.

Jumanne, 11 Machi

Tumeliziba. Kwa njia ya mzee: kuliosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, kisha kulijaza maji mpaka karibu na tundu, ndipo kuchomelea. Mimi nikachomelea, yeye akaweka mkono begani mwangu muda wote. Nikapendekeza mstari mwekundu. Akakataa. Nikapendekeza mstari mwembamba. Akanipokonya brashi.

Alasiri akaipanda mwenyewe, mke wangu nyuma amemshika kiuno. Wakazunguka ua mara tatu, taratibu kuliko kuku anavyotembea. Nilikimbia pembeni nimenyoosha mikono ili kumdaka yeyote atakayeanguka. Hakuanguka mtu. Ila mimi, kwenye ndoo ya maji.

Jumamosi, 15 Machi

Sina amani!

Mzee anafika karakanani kabla yangu. Ameleta kiti chake, na mto. Spana zangu amezipanga upya, sioni hata moja. Wateja anawaambia geti hili limekaa upande, na kweli limekaa upande, lakini ndilo la kusema? Injinia naye haondoki, eti anajifunza kwa mzee. Wananicheka kwa zamu. Chai inaletwa mara nne kwa siku. Fundi hawezi kufanya kazi hivi.

Kwa hiyo nina mpango. Nitamrudisha mzee chumbani. Nitamtengenezea kitanda cha chuma cha mtindo wa kizamani, chenye nakshi kichwani na mahali pa kuweka redio. Kizuri kiasi kwamba hatatamani kutoka hata mwezi mzima.

Nikamweleza mke wangu. Akacheka mpaka akashikilia cherehani, akanibusu kwenye paji la uso, akaniambia nijaribu. Hata yeye ameona ni mpango madhubuti!

Nimeanza kukichora leo hii. Tatizo, mzee ameuona mchoro. Anasema miguu ni mifupi na nakshi ni upuuzi, na kesho atakuja mapema zaidi tukitengeneze pamoja.