Ruzuku ya Ghala na Magari ya Bibi Zakiya

Jumamosi, 1 Mei 1999

Siku njema kabisa. Makao makuu yametangaza ruzuku! Shirika letu la bima litalipa tawi moja fedha za kujenga mfumo wa kompyuta wa umiliki wa magari: gari ni la nani, lilikuwa la nani, limewahi kupondeka au la. Tumechelewa. Gari linapinduka, linanyooshwa kwenye gereji za mtaa wetu huu wa Ghala, linapakwa rangi, wiki ya pili liko mtaa wa Hamriya linauzwa kama jipya, na sisi tunalikatia bima huku tunatabasamu.

Tawi litakaloshinda litasimamia mfumo. Litakaloshindwa litakuwa chini yake. Tumebaki wawili: Ghala, yaani mimi, na Hamriya, yaani Muhsina. Nilisoma naye. Hata mtihani alikuwa anafeli kwa madaha. Niwe chini ya Muhsina! Afadhali niuze maji barabarani mwezi wa Agosti.

Masharti: kumbukumbu ziingizwe kwenye kompyuta kwanza, matawi mengine yaweze kuzisoma, na tawi lililokatia bima magari mengi litangulie. Hapo ndipo penye mwiba. Hamriya wanatuzidi magari.

Nimewaza sana. Nimepata!

Jumapili, 2 Mei

Jamaa zangu wa Al Amerat! Ami zangu, wana wao, wakwe zao, wote wana magari, na bima wamekata kila mahali isipokuwa kwangu. Nimewapitia nyumba kwa nyumba. Nimewaambia damu ni nzito kuliko maji. Ami Suud kanijibu kwamba bei nayo ni nzito. Nimempunguzia. Wote wamehamia Ghala.

Nimerudi na mfuko mzima wa nakala za mulkiya, zile kadi za umiliki wa gari, nikaingiza kila kitu mpaka vidole vikafa ganzi. Nambari nimezihakiki mara mbili. Majina nimeyapiga chapa bila kuyasoma. Ukisoma majina unaanza kufikiria watu, na mimi nilikuwa nafikiria mfumo.

Bwana Mahfoudh, meneja wetu, kauliza kama nina hakika. Nimecheka tu.

Jumanne, 4 Mei

Mkaguzi wa makao makuu kaja. Mkenya, anaitwa Nicholas, shati limenyooka kuliko ukuta. Kaja na Muhsina, kwani mshindani ana ruhusa ya kushuhudia. Muhsina kajifukiza udi, nusura kompyuta ipige chafya.

Tukawapa halwa na kahawa. Nicholas hakujua kwamba aliyetosheka hutikisa kikombe, nasi tukaendelea kummiminia mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Nikaona dalili njema: mtu aliyechangamka hukagua haraka.

Akaiuliza kompyuta swali moja: nani ana magari mengi kuliko wote? Alisema wanaouza magari kwa kificho hukamatwa hivyo. Jibu likaja pale pale. Nikajivuna! Kisha nikasoma. Zakiya. Magari kumi na tisa.

Nicholas akapiga mluzi. Lori la maji. Teksi mbili. Pikapu ya kubebea mbuzi. Landkruza iliyopinduka njia ya Nizwa. Akasema, "Madam, huyu mama ni mzito! Hii biashara ameificha wapi?"

Muhsina, sauti ya asali: "Hind, habibti, si bibi yako huyo?"

Ni bibi yangu. Mzaa baba. Kwetu kila gari huandikwa kwa jina lake, kwani gari lenye radhi ya mama halipati ajali. (Landkruza ilipinduka kwa sababu ami Suud alitoka bila kumwamkia.) Hata Toyota yangu nyekundu ni yake. Jambo hili nimekua nalo tangu utoto. Ndiyo maana sikuliona. Bibi mwenyewe hajapata kuendesha hata baiskeli.

Nicholas anataka kumwona. Asipotoa maelezo ya kuridhisha, Ghala tumetolewa.

Jumatano, 5 Mei

Nimemleta bibi ofisini. Njiani nilimfundisha: aseme kidogo, atabasamu sana. Kafanya kinyume chake. Nicholas akamwuliza kwa adabu kama anajua kwamba ana magari kumi na tisa. Bibi akamtazama, akanitazama, akamtazama tena.

"Nna magari kumi na tisa? Mie? Na juzi nlikwenda hospitali kwa teksi ya mtoto wa Suud?"

Nicholas akatazama kompyuta, akamwambia kwa upole kwamba teksi hiyo pia ni yake.

"Yangu! Na kanilipisha nauli, mwana yule!"

Nicholas akacheka mpaka akavua miwani. Nikamweleza habari ya radhi. Akasema kwao Kenya shosho, yaani bibi, angekuwa ameshaanzisha kampuni. Bibi akamwita "mwanangu", akaomba achapiwe orodha ya mali yake. Akachapiwa. Muhsina, aliyekuja tena kushuhudia, akaacha kutabasamu. Nimelala nikiwa mwepesi kama unyoya.

Ijumaa, 7 Mei

Chakula cha mchana kwa bibi, ukoo mzima. Kabla ya wali kuletwa, bibi kazungusha sinia tupu. Kasema funguo. Ami Suud kajaribu kumweleza kwamba majina ni ya baraka tu. Bibi kamjibu, "Baraka nimekupeni miaka yote. Leo nipeni funguo."

Sinia likajaa. Za kwangu zimo. Kuanzia sasa mwenye kutaka gari aombe, aseme na anakokwenda. Ami Suud hanisemeshi. Wake wa ami zangu, kinyume chake, wamenibusu wote.

Jumamosi, 8 Mei

Nimefika kazini kwa lori la maji. Bibi kakaa dirishani, anawapungia watu mkono.

TUMESHINDA! Bwana Mahfoudh kanisomea taarifa. Nicholas kaandika kwamba hajaona mfumo uliofichua kwa swali moja jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa haulioni. Ruzuku ni ya Ghala. Nimerukaruka. Bwana Mahfoudh kaniambia nikae kitako, kuna aya ya pili.

Aya ya pili: mfumo usisimamiwe na mtu mwenye jamaa anayemiliki magari zaidi ya matano. Kwa hiyo Muhsina anahamia Ghala, kwenye meza yangu. Mimi msaidizi wake.

Nilijifungia chooni. Nililia kidogo, kisha nikawaza kwa utulivu. Muhsina ana kaka sita, wote wana magari. Mama yake yu hai, tena mcha Mungu.

Nimempigia simu kumpongeza. Katikati ya maneno nikamdokeza habari ya radhi ya mama na magari. Akaniuliza kwa hamu kama kweli hayapati ajali. Nikamwambia atutazame sisi.

Kaka zake wataleta mulkiya zao wiki hii, ziandikwe jina la mama yao. Nimejitolea kushughulikia mabadiliko yote mwenyewe. Mpango huu hauna hata tundu moja.