Siku Sita Nilizomiliki Mafuta

Jumatatu, 4 Agosti 2014

Leo naandika kwa kalamu nyekundu. Landikruza mbili zimeingia kijijini zikitokea Kibondo. Vijana waliomo wanapima kama chini kuna mafuta. Ya petroli, sio mawese. Watu mbio kutazama. Mimi sikukimbia. Nilitembea, kama mtu mwenye habari zake.

Maana Kitanga yote hii nani anaijua ardhi kama mimi Kasian? Nimechimba mashimo ya vyoo kumi na saba. Kumi na nane ukihesabu la katekista, lililotitia, lakini kosa lilikuwa la mvua. Juu udongo mwekundu, chini yake changarawe, chini yake jiwe linalokataa sururu. Wale vijana wana mashine. Mimi nina kumi na saba.

Jioni nilishuka bondeni. Kwenye kipande cha jirani yangu Bazilio, pale penye madimbwi ya kulowekea muhogo, nikaona. Maji yana rangi ya kutu, na juu yake utando unang'aa, bluu na zambarau, kama pale gereji Kasulu mjini. Nikachuchumaa. Nikanusa. Hayanuki kitu! Hiyo ndiyo dalili. Mafuta ya kina kirefu harufu yake inabaki chini.

Sijamwambia mtu. Ila Josepha. Na fundi baiskeli.

Jumanne, 5 Agosti

Nimezungumza na mkubwa wao. Kijana, jina Lukmani, kwao Tanga. Nikamwambia Tanga nimekata mkonge kabla baba yake hajaota jino. Akanipa shikamoo mara ya pili. Ana adabu.

Ana kisanduku cha miguu mitatu. Anakisimamisha, anachungulia, anaandika, anasogea kilomita moja, anarudia. Kinapima uzito wa miamba iliyo chini. Penye jiwe gumu la zamani, ardhi inavuta zaidi kidogo. Penye tope la kale lililojazana likawa jiwe jepesi, inavuta kidogo. Kwenye wepesi ndiko wanakotafuta.

Akaeleza na mengine. Lazima kuwe na jiwe jeusi lenye mabaki ya vijidudu vya ziwani, liivishwe na joto huko chini kabisa. Juu yake jiwe lenye vitundu, linywe mafuta. Juu yake tena jiwe la kuziba, yasitoroke. Basi hilo ni jiko, chungu na mfuniko. Hata Josepha anajua hayo na hajasoma.

Halafu akasema huku milimani kwetu jiwe ni kuukuu na gumu, matumaini yako zaidi kule chini ziwani. Huku wanapima tu ili wapate pa kulinganisha. Nikatabasamu. Mimi pia nikijua mzinga wenye asali uko wapi, wapita njia nawaelekeza kwingine.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango uko tayari. Kipande kile lazima kiwe changu. Bazilio hauzi kitu, ila kubadilishana anapenda, anadhani anajua kuchagua. Huyu ndiye aliyekuja Tanga nyuma yangu wiki mbili na mpaka leo anadanganya watu kwamba alikata mkonge kunizidi. Miaka hamsini anadanganya!

Nikamwambia anipe bonde, nimpe mgombani wangu wa juu. Akaniuliza kama nimeanza kuota mchana. Nikasema nataka kufuga bata. Akacheka mpaka akashika mti. Kisha akaacha kucheka ghafla, akasema amekubali, na wazee waitwe kesho hiyohiyo.

Nyumbani vita. Josepha hakupiga kelele, na hapo ndipo ujue mambo. Akasema, Baba Gasper, migomba ile niliileta kichwani kutoka Muyama nikiwa bibi harusi. Miche sita kwenye kitenge. Leo ni mia na ishirini na watoto wetu wote wamekulia hapo. Ukiuondoa mgombani, na mimi niondoe. Atarudi Muyama kwa kaka zake na vyungu vyake, anikute siku moja barabarani nawapikia bata.

Nikamwambia akishakuwa mke wa mwenye mafuta ataletewa ndizi na gari. Akasema gari lije kwanza.

Alhamisi, 7 Agosti

Imekwisha! Wazee watatu wamekaa, lubisi ya ndizi imenyweka, minyaa imepandwa kuzunguka kipande changu. Kwa desturi ya hapa, kabla minyaa haijashika, yaani ndani ya siku saba, mtu akijuta anaweza kuvunja. Ila anatoa mbuzi. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba mimi sijawahi kujuta. Wazee wakatazamana. Heshima hiyo.

Josepha alipita na jembe, hakusalimu. Bazilio alikuwa anahesabu mikungu ya ndizi kwa kidole, mmoja mmoja, makusudi ili nione.

Vyungu bado viko jikoni. Nimevihesabu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wengine wameenda kwenye sherehe. Mimi kazini.

Nimewaza usiku wote maneno ya kile kisanduku. Penye wepesi ndipo penye mafuta. Sasa bondeni kwangu kuna mawe. Kisanduku kitadanganyika! Nimeyahamisha kwa mikono yangu, mawe thelathini na mawili. Nimeyatua mgombani, kwa sababu mgombani sasa ni wa Bazilio, na ardhi ya Bazilio iwe nzito mpaka ikome. Wataalamu wangapi wangefikiria hilo?

Mgongo unauma. Josepha amekataa kuukanda. Amesema niwaombe bata.

Jumapili, 10 Agosti

Wasiwasi kidogo. Sio woga, ni hesabu. Utando umepungua, labda kwa upepo. Na Lukmani nimempata, ameahidi kupita kwangu kesho kabla hawajaondoka. Akikuta dimbwi kavu je? Mafuta yapo, ila yana aibu. Yanahitaji kuitwa.

Jana nilikwenda mjini dukani kwa Isihaka. Nimempa jogoo, amenipa kidumu cha lita tano cha mafuta ya taa. Akauliza, mzee, unaangazia kijiji kizima? Nikamwambia atasikia tu redioni.

Josepha ametoa vyungu nje na kuvifunga kwa kamba ya mgomba. Anasema anasubiri minyaa ishike, ili asionekane ana haraka.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku ndefu. Naandika yote kama yalivyokuwa.

Alfajiri nilishuka, nikamwaga kidumu kwenye dimbwi la chini. Lote. Yakatandaa vizuri, rangi zote. Muhogo wa wanawake ulikuwemo humo unaloweka siku ya tatu, lakini muhogo hauna macho.

Saa tatu Lukmani akafika. Akasimamisha kisanduku. Nikamuuliza, si ni pepesi hapa? Akasema ni sawasawa na kule barabarani. Nikamweleza juu ya mawe. Akanitazama. Akasema, mzee, hiki kinasikia miamba ya kilomita nyingi chini, mawe thelathini na mawili hakiyasikii. Nikamuuliza, je, yakiwa arobaini?

Halafu akaenda dimbwi la juu, ambalo sikulimwagia. Akachokoa utando kwa kijiti. Ukavunjika vipande kama kioo, vikabaki mbalimbali. Akasema hicho ni chuma kilicho majini, kuna vijidudu vinakila na kutandaza ule utando. Mafuta ya kweli ukiyachokoa yanarudi kuungana.

Nikamshika mkono haraka nikampeleka dimbwi la chini. Akachokoa. Yakaungana! Nikaruka, mimi na mgongo wangu. Akachuchumaa, akanusa. Akasema, mzee wangu, haya yameshapita kiwandani.

Nikamwambia hiyo ndiyo baraka ya Kitanga. Kwingine wanachimba halafu wanasafisha. Kwetu yanatoka yakiwa safi!

Akajing'ata mdomo. Akanipa mikono, yote miwili. Akasema kwa upole hapa hakuna kitu, nirudishe mambo kama yalivyokuwa kabla sijaumia. Akaandika neno daftarini kwake. Jina langu, bila shaka. Magari yakaondoka.

Mchana, kelele. Yemwe, yemwe, muhogo wetu! Ni Esteri, mke wa Bazilio, amekuja kuopoa muhogo wake na umenuka koroboi. Wanawake saba wakajaa bondeni, kila mmoja ananusa wake na kulia. Bazilio akaja mbio. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Nimekalia kidumu.

Bazilio akanusa maji. Akatazama rangi. Akachota utando kwa jani kavu la mgomba, akawasha kiberiti. Likawaka. Yule mtu alisimama na jani mpaka likamuunguza vidole. Kisha akanigeukia. Bata, akasema. Bata! Mchawi wewe, ulijua!

Nikasema najua mengi. Hilo si uongo.

Jumatano, 13 Agosti

Wizi! Wizi wa mchana, mbele ya serikali!

Bazilio amewaita wazee wote na mtendaji wa kijiji, mama Asnath, yule aliyehamishiwa hapa kutoka Mbeya. Amekuja na mbuzi. Anavunja. Minyaa haijashika, ni siku ya sita. Anataka bonde lake.

Nikapinga. Nikasema kwa dakika nyingi, vizuri sana, nikianzia Tanga. Nikamwita Bazilio mtu wa maneno mawili. Akasema afadhali maneno mawili kuliko bata hewa. Watu wakacheka vibaya.

Ndipo Josepha akasimama. Aliniuliza mbele ya wote, taratibu, kama ninalo neno lolote la kusema kuhusu hayo mafuta yametoka wapi. Na jana huyo ndiye aliyefua koti langu, lenye harufu ya kidumu.

Ningeweza kusema. Neno moja tu, kidumu, na Bazilio angerudi mbio mgombani na bonde lingebaki langu. Lakini Bazilio angelicheka neno hilo mpaka mazishi yangu. Na mimi ni mtu wa mashimo kumi na saba.

Nikasema, yametoka chini.

Wazee wakapiga makofi, ubadilishano umevunjika. Josepha akakaa. Nikaona amefunga mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika. Nilidhani analia.

Kisha akamwomba mama Asnath aandike yote kwenye karatasi, isije ikaleta ugomvi tena. Yakaandikwa marefu. Mama Asnath akaniambia, mzee, soma vizuri kwanza, au nikusomee. Kunisomea! Mimi nilikuwa wa kwanza darasa la elimu ya watu wazima mwaka sabini na nne. Nikasoma mistari miwili ya juu, iliyobaki ni maneno ya serikali. Jina la Josepha liliandikwa mara nyingi, kila penye neno mgombani, maana ni shahidi. Nikatia jina langu kubwa kuliko la Bazilio.

Mbuzi ameshikwa na Josepha. Vyungu vimerudi jikoni. Ameimba njia nzima.

Alhamisi, 14 Agosti

Wanawake saba wamefika mlangoni. Wanasema siku muhogo ulipoharibika bonde lilikuwa langu, kwa hiyo muhogo mbovu wote ni wangu, niwape mzima. Josepha akakubali kabla sijafungua mdomo. Ghala letu limebaki na panya wawili na debe tisa za muhogo unaonuka koroboi.

Na mawe yale thelathini na mawili yako mgombani. Josepha amenionyesha kwa kidole. Nimeanza kuyatoa. Mgongo!

Bazilio amezungushia bonde lake waya. Anakaa mlangoni kwake na kiberiti mfukoni, hapokei salamu za watu wadogo.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimekaa na hesabu, na nimepata jambo ambalo hata Lukmani hakuliona.

Nilimwaga lita tano. Sasa angalia. Wanawake saba, debe tisa, zote zimenuka. Dimbwi zima limetanda. Jani limewaka. Na jana Bazilio kawasha tena, bado linawaka, nimeona moshi kwa macho yangu! Lita tano zinaweza hayo? Haziwezi. Mengine yalitoka wapi? Ni wazi. Yangu yalishuka, yakawaita ya chini, ya chini yakapanda. Mafuta yanaitana. Mtu wa kwanza kugundua hilo duniani ni mimi, na yule mwizi amelala juu yake.

Lakini sijashindwa. Bazilio bado anautamani mgombani, namwona anavyoutazama. Safari hii nitamwongezea na yule mbuzi. Nitamwambia nimewakumbuka bata. Kesho Josepha anakwenda Muyama kusalimia kaka zake, wazee wataitwa asubuhi na lubisi ipo. Mgombani ni wangu, nani atanizuia? Hata karatasi ya serikali ipo. Iko ndani ya sanduku la Josepha, na ufunguo anao yeye shingoni. Nimemruhusu aitunze.

Naishia hapa, chakula tayari. Ugali wa muhogo ule. Debe ya kwanza hata robo haijafika. Josepha ameniwekea bonge kubwa, yeye anakula ndizi zake na nyama ya mbuzi... Mbuzi! Nyama ya mbuzi?

Haidhuru. Nitampa Bazilio jogoo badala yake.